Kutu Si Mbwa wa Kochini

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mawingu yalitanda tangu alfajiri, manyunyu yakaja na kukatika, upepo haukuwepo kabisa.

Siku hiyo kamati ya wapangaji ilimwita wifi yangu ajieleze kuhusu mbwa wake. Wifi ni mjane wa kaka yangu, fundi wa mapazia, na jengo zima humwita Mama Pazia. Anaishi ghorofa ya tatu, kwenye chumba na sebule alivyohamia alipoolewa. Cherehani iko dirishani, magora ya vitambaa yamesimamishwa kwenye kona, na chini ya meza ya kukatia hulala Kutu.

Kutu aliachwa na mteja aliyekuwa anahama. Alikuja kuchukua mapazia, akaacha mbwa, "kwa wiki mbili tu, mama." Huu ni mwaka wa pili. Alichosema ni kwamba ni spanieli, mbwa wa masikio ya kuning'inia. Hakusema spanieli gani, na spanieli wako wa kila namna, wa kuwinda na wa kochini.

Hapo ndipo penye tatizo. Ubao wa langoni unakataza mbwa wa kuwinda, tangu mpangaji mmoja afuge wawili wakamrarua mleta gesi suruali. Mbwa wadogo wa kubembelezwa wanaruhusiwa. Mtu mmoja akalalamika, na tangu hapo wifi akawa anamteremsha Kutu kwa ngazi za nyuma, amemfunika kitambaa kama mzigo wa mteja. Sasa kamati ilitaka jibu moja: huyu ni wa aina gani? Akiwa wa kuwinda, aondoke, au wifi aondoke naye.

Ijumaa jioni mdogo wake wifi, kinyozi mwenye kibanda mkabala na jengo, alikuja na simu iliyojaa picha za mbwa.

"Dada, jibu hili hapa. Spanieli wa kavalia. Mwekundu na mweupe, kama huyu wako. Kazi yake kulala kochini na kula biskuti. Sema hivyo, yaishe."

Wifi akavaa miwani. Aliitazama picha kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Huyu ana uso mfupi na macho kama vifungo vya koti. Kutu ana mdomo mrefu."

"Mdomo hurefuka na uzee."

"Wako umerefuka na maneno."

Akachukua futi yake ya ushonaji, akampima Kutu kutoka sakafuni mpaka begani. Alikaribia sentimita hamsini. Kavalia, kwa maelezo ya simu ileile, hafiki hata arobaini. Wakasogeza picha. Springa wa Kiingereza, spanieli wa kuwinda, alikuwa mkubwa kuliko Kutu, masikio marefu, mabaka meusi au ya rangi ya ini. Kisha ikaja picha ya springa wa Wales, na kinyozi akaacha kusogeza. Wekundu uliokolea juu ya weupe, bila rangi ya tatu. Masikio madogo yaliyoshuka kama majani ya mzabibu. Manyoya laini yaliyonyooka, yenye mashada nyuma ya miguu. Chini yake waliandika tabia: hushikamana na anayemfuga, huwaonea haya wageni, na kazi yake ni kuingia vichakani kuwarusha ndege ili mwindaji awaone.

"Ndiye," wifi alisema.

"Basi umekwisha, dada."

Lakini kinyozi hakukubali. Wifi alipotoka kupeleka mapazia kwa jirani, alitoa mashine yake akamnyoa Kutu masikio na miguu ili apungue, aonekane mdogo. Ndivyo anavyowafanyia wateja wenye vichwa vikubwa. Wifi aliporudi alikuta manyoya mekundu yamezagaa sakafuni na mbwa mwenye miguu mirefu kama ya stuli. Masikio yaliyokuwa yamejificha sasa yalionekana wazi, majani mawili ya mzabibu kabisa. Na kama kulikuwa na kitu cha kumfananisha na kavalia, kilikuwa ni hayohayo manyoya marefu ya masikioni.

"Umemvua bibi harusi shela," wifi alimwambia, "halafu unataka asitambulike."

Jumamosi kikao kilikaa uani, kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti, muuza vipuri wa ghorofa ya kwanza, si mtu mbaya. Anapenda kikao kifupi.

"Mama Pazia, hatutaki kukusumbua. Sema ni wa kubembelezwa, katibu aandike, tukale."

Nyuma, kinyozi alikuwa akimkonyeza dada yake kwa macho yote mawili.

Mwenyekiti akanyoosha mkono kumpapasa Kutu. Kavalia angelala chali. Kutu alirudi nyuma ya sketi ya wifi. Hakubweka, hakung'ata, akachungulia tu. Kisha pua ikainuka. Akazama kwenye kichaka cha maua, na njiwa wawili wakaruka kwa kishindo juu ya vichwa vyetu. Hakuwakimbiza. Alikaa kitako akamtazama wifi, akisubiri kuambiwa la kufanya.

"Huyo wa kochini anajua kazi," alisema muuguzi wa ghorofa ya pili, na watu wakacheka.

Wifi akasimama. "Sijasema ni wa kochini. Ni springa wa Wales. Ni mbwa wa kuwinda, mama yake na baba yake pia. Sitampa jina la mbwa mwingine ili niruhusiwe kulala kwangu."

"Basi sheria unaijua," mwenyekiti alisema.

"Naijua. Ililetwa na suruali ya mleta gesi. Kutu yupo hapa mwaka wa pili. Kararua suruali ya nani?"

Mwenyekiti akaelekeza kidole langoni.

"Mama, sheria ni sheria."

"Itekelezeni. Mimi simtoi na sihami. Anayetaka kumtoa apande mwenyewe, mlango sifungi. Ila kabla hajapanda, apitie kwake anishushie kila pazia nililomshonea."

"Sasa hivyo ni vitisho."

"Ni vitisho, ndiyo. Katibu, andika."

Mwenyekiti akauliza nani atapanda. Watu wakaanza kupanga viti.

"Dirisha langu linatazama barabara, siwezi kukaa bila pazia," muuguzi alisema. "Mimi simo."

Kikao kikavunjika. Mwenyekiti akasema suala litarudi mwezi ujao.

"Nitakuwepo," wifi akamjibu. "Na yeye."

Jumapili asubuhi mawingu yalikuwa yamepungua. Wifi alimvalisha Kutu mkanda mpya wa shingoni, alioushona kwa masalio ya kitambaa cha kijani cha pazia la mwenyekiti. Ngazi za nyuma hakuzitazama. Aliteremka kwa ngazi kuu, mbwa mbele, hakuna kilichofunikwa, akasimama uani chini ya dirisha lenye pazia la kijani, ghorofa ya kwanza.

"Habari za asubuhi, mwenyekiti!" aliita, mpaka pazia likafunguka. "Tunakwenda kutafuta njiwa."

Akatoka kwa lango kuu.