Mgeni wa Fundi Viatu

"Fundi ameoa," Mama Pacha aliniambia tukiwa kwenye kamba ya nguo. "Kaoa kimyakimya. Na mwenyewe hana meno."

"Fundi hana meno?"

"Mke!"

Ushahidi alikuwa nao. Juzi alisimama nyuma ya Fundi buchani, akamsikia akiomba ini kidogo, likatwe vipande vya ukubwa wa ukucha. Jana akapita dirishani kwake, alipita tu, hakuchungulia, akasikia harufu ya boga likichemka bila kitunguu. Halafu sauti ya Fundi ikibembeleza: "Kula mpenzi. Kidogo tu, kwa ajili yangu."

"Lisemwalo lipo," akamaliza, akabana shuka kwa pini kama hakimu anayegonga meza.

Fundi Viatu ni mzee wa miaka sitini hivi, binti zake wote wameolewa mbali. Akiwa kazini misumari midogo huiweka mdomoni, anaitoa mmoja mmoja na kuigonga kwenye soli, kwa hiyo haongei. Kwa miaka minne ya ujirani wetu, neno refu kuliko yote aliloniambia lilikuwa "keshokutwa." Mtu huyo kumwita mtu mpenzi!

Mimi si mmbea. Ila nilikuwa na sandali ambayo ukanda wake ulitaka kukatika, nikausaidia. Nikambeba mwanangu Donge, mwenye mwaka mmoja na nusu, nikaenda.

Chumba cha Fundi kinatazama barabara. Viatu vimepangwa ukutani jozi kwa jozi, na chini ya benchi alikuwa amejilaza mke mwenyewe: mtoto wa mbwa, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala. Alikuwa anatafuna ulimi wa kiatu cha mtu.

"Kumbe meno anayo," nikaropoka.

"Nani kasema hana?"

Nikajifanya namfuta Donge makamasi.

Fundi akatema misumari yote kwenye kopo. Hapo nikajua jambo ni zito. Akanieleza kwamba siku moja ya mvua kidudu hicho kilikuja kulala ndani ya buti la mteja, na tangu hapo kikamng'ang'ania mguuni, ndiyo maana akakiita Gundi. Akawa anakifundisha kukaa na kuja kikiitwa. Kila kikitii, anakitupia kipande cha ngozi kilichobaki kwenye kazi.

"Ngozi za bure, mwanangu. Nikajiona mjanja kweli."

"Sasa?"

"Sasa anaona humu ndani mote ni jikoni. Jumatatu kala kisigino cha kiatu cha mwenye nyumba."

Mwenye nyumba ni mama mmoja ambaye hata akikusalimia unajiuliza umekosa nini. Alikuwa ametoa neno: Ijumaa anakuja kuangalia mwenyewe. Akimkuta mbwa na kiatu mdomoni, mbwa ahame siku hiyohiyo. Fundi aliposema "ahame," alijikuna shingo akatazama pembeni. Nikaona aibu kwa ajili ya ukanda wangu.

Alikuwa amehangaika kutafuta cha kumpa badala ya ngozi. Alianza na biskuti tamu. Gundi akaharisha siku mbili. Daktari wa mifugo akamkaripia: sukari hapana, chumvi hapana, kitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa, mifupa iliyopikwa inavunjika vipande vikali na kumchoma tumbo. Ampe karoti ajikunie fizi, boga la kuchemsha, ini kidogo sana. Na vyote hivyo visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

"Anakula?"

Fundi akampa karoti. Gundi akaipokea kwa adabu, akaenda kuitumbukiza ndani ya raba ya mtu, akarudi kwenye ulimi wa kiatu.

Hilo nililijua. Donge naye mboga za rangi ya chungwa huzificha chini ya mkeka. "Baba, umempa akiwa ameshiba ngozi," nikamwambia. "Kwanza viatu vyote viwekwe juu. Halafu ule naye. Mtoto hali kitu ambacho mkubwa hakitaki."

Fundi akachukua kipande cha boga lisilo na chumvi, akakitia mdomoni. Uso aliokunja! Gundi alimtazama kwa huruma, akarudi nyuma hatua mbili.

Tukiwa tunabishana nani kaharibu, Donge akateleza kutoka mapajani mwangu, akatambaa hadi kwenye bakuli la mbwa, akaanza kula boga. Lile lile analonitemea kila mchana. Gundi akaja mbio, akasukuma pua. Wakala wote wawili, bega kwa bega, hadi bakuli likang'aa. Nilitaka kumwondoa, lakini kwa miezi miwili nilikuwa nimemwimbia, nimemdanganya, nimemlilia ale boga. Nikamwacha ale.

Alhamisi tukarudia, safari hii kila mmoja na bakuli lake. Ijumaa asubuhi, mimi na Donge tukiwa palepale na karoti za kuchemsha, mwenye nyumba akaja, akavua kiatu chake kimoja makusudi, akakiweka katikati ya sakafu.

Gundi akakisogelea. Akakinusa. Akalamba ncha. Fundi alishika nyundo bila kugonga chochote.

"Mm-mm!" akaguna Donge, karoti laini ikimtoka puani. Gundi akageuza kichwa, akakiacha kiatu, akaenda kukaa mbele ya mtoto kama mwanafunzi.

Mwenye nyumba akavaa kiatu chake. "Abaki," akasema. "Lakini nitapita tena. Sisemi lini."

Jioni Fundi akaniletea sandali yangu mlangoni, imeshonwa na kupakwa rangi, kabla hata ya keshokutwa. Hakuondoka. Akakohoa, akatazama mkeka ambako Donge alikuwa anavuta soksi ya baba yake.

"Mama Donge, nimejaribu mchana peke yangu. Hataki kula bila mwenzake," akasema. "Sasa nilitaka kukuomba. Huyu bwana, asubuhi saa tatu, huwa ana shughuli?"