Siku Land Rover ya serikali ilipokuja Burat kunichukua nikamzalishe mbwa wa bosi

Wakuu, salaam aleikum kwa wanaoitikia hivyo, na wengine habari zenu.

Mimi ni mkunga mstaafu. Wajukuu ndio walionifungulia akaunti hapa, na wao hao ndio wanaosema kisa hiki nimekitunga. Sijatunga. Ningekuwa na kipaji cha kutunga ningegombea kiti.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa kwenye dispensary ndogo ya Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Nesi ni mimi, mkunga ni mimi, na mfagiaji asipokuja, mfagiaji ni mimi.

Karibu nasi kulikuwa na mradi wa serikali. Mradi ulikuwa na bosi, na bosi alikuwa na Land Rover.

Hiyo ndiyo ilikuwa gari pekee ya kutegemea upande ule. Nilikuwa nimeiomba mpaka nikachoka, ipeleke wamama wangu hospitali mjini uzazi ukiwa mgumu. Jibu lilikuwa moja: gari ni la kazi rasmi. Basi wamama walienda kwa mkokoteni wa punda. Punda naye hajui rasmi, akichoka amechoka.

Asubuhi moja Land Rover ikaingia dispensary na vumbi lake. Dereva alikuwa Abdi, kijana wa Kisomali mwenye adabu zake. Akashuka, hakunitazama usoni.

"Sister, bosi anakuita. Kuna mzazi kwake. Beba vitu yako."

"Mke wake ana mimba? Mbona sijamwona clinic?"

"Sister, panda tu, wallahi."

Nikabeba kit yangu, gloves, mkasi, dawa ya kuoshea. Njia nzima Abdi alikuwa ananong'ona dua. Nikafikiri hali ni mbaya sana.

Nikapitishwa moja kwa moja mpaka sitting room. Juu ya taulo nyeupe, taulo ambazo dispensary yangu haijawahi kuziota, alikuwa amelala mbwa. Alsatian mkubwa, jina lake Sheba, anahema ulimi nje.

Hapa nisimame kidogo kwa wasiojua kwetu. Sisi Waborana wa dini, mbwa tunaye. Analinda mbuzi, tunamlisha, tunamheshimu. Ila anakaa nje. Mate yake ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, na moja ni kwa udongo. Mimi mpaka umri ule sikuwahi kumshika mbwa hata sikio.

"Sister," bosi akasema, "vet ameenda Biliqo kuchanja ng'ombe. Wewe ni mkunga. Si kuzaa ni kuzaa?"

Nilitaka kumuuliza kama kuzaa ni kuzaa, mbona wamama wa Burat wanaenda na punda. Sikuuliza. Nilikuwa kijana na mshahara nilikuwa nauhitaji.

Nikavaa gloves mbili mbili.

Mtoto wa kwanza alikuja na miguu ya nyuma, akakwama. Hiyo nilishaiona kwa mbuzi nyumbani. Unashika kwa kitambaa, unangoja mama asukume, unavuta taratibu kuelekea chini. Akatoka amelegea kabisa. Nikampangusa pua na mdomo, nikamsugua na taulo mpaka mkono ukauma, akalia kasauti kembamba. Wakuu, sitadanganya, machozi yalinilenga.

Bosi akapiga makofi. Watoto wa Sheba alikuwa ameshawagawa kabla hawajazaliwa, kila mkubwa mwenzake pale mjini ameahidiwa wake. Baba yao, alisema, ni dume la afisa wa kambini, mbwa mwenye vyeti.

Sasa yule mtoto akaanza kukauka. Akawa wa manjano, ncha ya mkia nyeupe. Sura nzima ni ya mbwa wanaochunga mbuzi huko Kipsing.

"Rangi itabadilika," bosi akasema.

Akaja wa pili. Naye Kipsing. Wa tatu, Kipsing kabisa. Abdi alikuwa nje ya dirisha, nikamsikia anakohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

Baada ya hapo Sheba akapumzika. Wenye mbwa mnajua, huwa wanapumzika katikati, si ugonjwa. Nikatoka uani nikaoshe mikono. Mke wa bosi, mama wa kutoka milimani, mpole, akanipa sabuni ya harufu nzuri. Nikamshukuru, kisha nikachota udongo kwenye maua yake nikasugua nao. Alinitazama kwa makini sana. Baadaye nilisikia anawaeleza wageni kwamba wakunga wa kisasa husugua mikono na udongo.

Nikiwa hapo uani ndipo nikasikia sauti getini.

"Mama, rudi nyumbani," askari anasema. "Mzee ana emergency. Kuna mzazi."

"Hata mimi iko na mzazi."

"Huyu ni wa bosi."

Alikuwa Mama Guyo, jirani yetu wa Burat. Mwanawe Guyo alikuwa mbali na ng'ombe, na mke wa Guyo, Talaso, alikuwa na mimba ya kwanza. Nikakimbilia getini.

"Nagaa, Mama Guyo. Kuna nini?"

"Talaso. Tangu jana anaumwa. Sasa mkono ya mtoto imetoka, mkono peke yake."

Mkono ukitangulia, mtoto amekingama tumboni. Hatoki huyo bila kupasuliwa, na asipotoka wanakufa wote wawili. Hilo si jambo la kungoja punda.

Nikarudi ndani, nikamwomba bosi kwa heshima zote. Akasikitika, kweli akasikitika.

"Sister, unajua gari ni la kazi rasmi. Na Sheba je, akihitaji kupelekwa?"

Wakuu, mlango alinifungulia mwenyewe.

Nikapiga magoti kwa Sheba. Nikamwekea stethoscope tumboni, nikasikiliza kwa muda mrefu, nikakunja uso. Sheba akanilamba mkono. Alikuwa mzima kama mimi.

"Mzee, hapa nimefika mwisho. Huyu anahitaji theatre. Sasa hivi."

Neno rasmi sikulisikia tena. Abdi aliitwa kwa sauti iliyofika barabarani. Bosi akakimbilia simu, akaambia hospitali kwamba mgonjwa wake mahututi yuko njiani, wajiandae. Mgonjwa wa aina gani hakusema. Aibu kidogo alikuwa nayo.

Yeye alibaki kwenye simu. Mkewe akapanda mbele na kikapu cha watoto, mimi nyuma na Sheba, na getini tukampakia Mama Guyo. Nikamwambia Abdi tunapitia bomani kwa Mama Guyo kwanza. Hakuuliza kitu, alikuwa ameshasikia yote dirishani.

Kule bomani wanawake wakamtoa Talaso kwenye mkeka. Macho yalikuwa yamerudi ndani. Walipoona mbwa garini, shangazi mmoja akaweka mkono mlangoni.

"Mtu mwenye uchungu wa uzazi alale na mbwa? Na hiyo najisi? Afadhali tungoje mkokoteni."

Wengine wakaanza kukubaliana naye. Nikafungua mdomo, lakini Mama Guyo alinitangulia. Hakupandisha sauti.

"Nguo inaoshwa, inarudi. Mtu akioshwa harudi. Toa mkono."

Shangazi akautoa.

Mke wa bosi akageuka. "Sister, hawa ni nani?"

"Ni mzazi mwenzake Sheba, mama."

Akatazama nyuma vizuri. Akauona ule mkono mdogo. Akachukua zile taulo nyeupe zilizobaki safi akazipitisha nyuma, kisha akamwambia Abdi, "Endesha."

Katikati ya barabara, Talaso kichwa chake mapajani mwangu, Sheba alimzaa wa mwisho peke yake. Akamlamba, akakata kitovu kwa meno, akalala. Hakuniita.

Hospitali walikuwa wametupanga mstari. Machela mlangoni, manesi, daktari mwenyewe ameshavaa gloves. Sijawahi kupokelewa hivyo maisha yangu yote. Daktari akafungua mlango, akaona mbwa, akaona mwanamke.

"Mgonjwa wa bosi ni yupi?"

Mke wa bosi ndiye aliyeshuka, akanyoosha kidole kwa Talaso.

"Ni huyu."

Yule mama nilimpenda siku hiyo na ninampenda mpaka leo.

Talaso alipasuliwa, akapona. Mtoto msichana, mkono umevimba kama andazi, lakini analia kwa nguvu. Sheba tulimrudisha nyumbani, nikamwambia bosi barabara mbovu ilimsaidia. Abdi alipeleka Land Rover mtoni akaiosha mara saba na matope, na ofisi nzima ikalala bila gari. Kazi rasmi hiyo.

Wale wakubwa walioahidiwa watoto walikuja kuwaona. Wote ghafla wakakumbuka hawana nafasi ya mbwa.

Mimi ndiye niliyeendelea kwenda kuwatazama. Wa kwanza, yule aliyekwama, alikuwa dhaifu, ndugu zake wanamsukuma asifike titi. Nikawa nampasha joto na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, namdondoshea maziwa ya mbuzi. Mke wa bosi aliuliza kama dispensary haina maziwa ya unga ya watoto. Nikamwambia yapo, ya watoto. Tukaelewana.

Maziwa ya mbuzi yalitoka kwa Mama Guyo, kila asubuhi, kwenye kibuyu. Alisema deni la gari ni la mbwa, si la serikali. Walipoachishwa ziwa, alimchukua yule dhaifu kwenye karai, bila kumgusa, akamfanya mlinzi wa mbuzi. Akawa dume zuri, mkali.

Funzo langu ni dogo. Mnyama hana kosa, mhudumieni, Sheba hakuomba Land Rover. Lakini ukitaka kujua mtu anathaminiwa kiasi gani mahali, tazama nani anapewa gari bila kuulizwa.

Namalizia. Talaso alipata mimba tena, na siku za kujifungua zilipokaribia Mama Guyo akaja dispensary akimvuta yule mbwa kwa kamba.

"Talaso ameanza uchungu," akasema. "Pelekea bosi habari. Sema huyu mtoto wa Sheba anazaa."

"Mama Guyo, huyu ni dume."

Akamtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Bosi atajulia wapi?"

Nikatuma ujumbe. Gari likaja mbio.

Haya wakuu, nimemaliza. Wa Isiolo mliokuwepo enzi hizo semeni, na wa kwingine mniambie huko kwenu gari huwa linakuja kwa jina la nani.