Kizibo cha Tisini na Moja

Wanafunzi wangu huniita Mbili-Tatu-Tano, wakidhani sisikii. Jina hilo nimelitafuta mwenyewe. Kwa miaka kumi na minane nimefundisha vigawo darasa la tano kwa njia yangu ya mkato: jaribu kugawanya kwa mbili, kwa tatu, kwa tano. Namba ikikataa zote, itafute kwenye jedwali la kuzidisha tulilokariri, lile linaloishia kumi na mbili. Isipokuwemo, basi ni tasa, haina vigawo zaidi ya moja na yenyewe. Walimu wenzangu waliiga njia hiyo, na mimi kichwa kikavimba.

Jumatatu niliandika ubaoni: tafuta vigawo vyote vya 91. Nilitaka waseme ni tasa tumalize, maana kengele ilikuwa karibu. Binti mmoja wa dawati la mbele, tunayemwita Bibi kwa jinsi anavyotembea polepole, alikuwa amekaa sakafuni na kopo letu la vizibo vya soda. Alikuwa amevipanga safu saba.

"Mwalimu, kila safu ina kumi na tatu," alisema. "Hakuna kilichobaki."

"Umehesabu vibaya," nilimwambia, wala sikuinama kutazama. Nilivisukuma vizibo kwa kiatu vikavurugika, nikampigia alama ya kosa kwenye daftari. "Bibi yetu macho yameanza kumchoka."

Darasa zima likacheka. Nami nilicheka.

Jioni, nikipiga pasi, nilimsimulia mume wangu kisa hicho kama kichekesho. Yeye ni fundi wa vigae. Shule aliishia darasa la saba, na huwa namtania sana kwa hilo. Alikuwa anabandua saruji kwenye kucha.

"Tisini na moja? Si saba mara kumi na tatu hiyo," alisema, hata kichwa hakuinua. "Juzi nimetandika bafu la hivyo. Sikukata kigae hata kimoja."

Nilizidisha nyuma ya bahasha. Nikazidisha tena, nikitumaini jibu litanionea huruma. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Chini ya mia, ni namba moja tu inayoiponyoka njia yangu, na ndiyo hiyo niliyomchekea mtoto wa watu. Kola ya shati ikaungua.

Kesho yake nilipanga kuyamaliza kimyakimya: nichukue daftari lake, nigeuze ile alama ya kosa iwe ya vema, yaishe. Nilipolifungua nikakuta ameshafuta. Palipokuwa na 1, 7, 13, 91 karatasi ilikuwa imetoboka kwa kifutio, na chini yake ameandika kwa mwandiko wa kujitahidi: 1, 91. Nilijiona mwizi. Nikajua daftari peke yake halitoshi.

Nilimwita mbele. "Tupangie tena vile vizibo vya jana."

Sikusema kwa nini. Ujasiri wangu ulikuwa bado nusu. Nilitaka vizibo viseme kwanza, mimi nifuate. Alivipanga taratibu, safu saba. Ya mwisho ikaishia kwenye kumi na mbili.

"Haitimii, mwalimu," alisema akitazama chini. "Nilihesabu vibaya."

Wenzake wakaanza kucheka. Hapo ndipo nilipoona mkono wake wa kushoto umefumbwa.

Nilipiga magoti kwenye vumbi la chaki. "Fumbua mkono, mama," nilimwambia kwa sauti ndogo. Kizibo kilikuwa kimemchora duara la meno kiganjani. Alikificha ili nisiumbuke.

"Kiweke mahali pake," nilisema, safari hii kwa sauti ya kufika dawati la nyuma. "Wewe ulihesabu sawasawa. Mwalimu ndiye aliyekosea, na amekosea miaka kumi na minane."

Hakuna aliyecheka. Alikiweka kizibo kwenye safu, akakinyoosha kwa kidole, kisha akanisogelea sikioni.

"Mimi nisingemwambia mtu, mwalimu," alininong'oneza.