Ghala la Mama na Mkono wa Nyangeta

Enzi zetu, na wenzangu mliokulia upande wa Butiama mtanielewa, utajiri wa nyumba haukupimwa kwa sofa wala runinga. Ulipimwa ghalani. Ghala letu lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya jiko, na ukifungua mlango tu ulipokewa na harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juu ya mwamba, imechanganyika na moshi na majivu. Mpaka leo nikiisikia mate yananijaa. Na wivu pia.

Maana aliyetawala ghala hakuwa mimi. Alikuwa Nyangeta, mtoto wa mama mkubwa, rika langu kabisa, aliyeletwa kwetu kutoka Guta aje kusoma. Kwetu iliaminika kwamba kuna mikono inayomaliza akiba na mikono inayoikalisha, kwa hiyo ghala liliingiwa na mkono mmoja tu. Mama akanitazama mimi, mtoto wake wa kuzaa, akamtazama Nyangeta, akamkabidhi Nyangeta.

"Wewe una haraka," akaniambia. "Huyu anajuaga kuweka."

Niliumia jamani! Sisi tunacheza rede uwanjani, yeye anaitwa ghalani kama mama mwenye nyumba. Akitoka huko ana unga wa muhogo puani na shavu limetuna. Eti alikuwa anaonja michembe kama haijaharibika. Mimi nikionja naitwa mdokozi.

Ilikuwa miaka ile ya maduka matupu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, na duka la kijiji limebaki na kaunta na muuzaji anayesinzia. Likizo moja Nyangeta akaenda kwao Guta, nami nikamlilia mama mpaka akachoka.

"Haya, ingia."

Niliingia kwa ari! Nikaona yule bibie alikuwa amepanga hovyo: vyungu vya michembe vilivyozibwa kwa samadi viko nyuma kabisa, kunde za kuhifadhiwa kwenye majivu nazo ziko nyuma, na mbele, pale mlangoni, gunia moja la muhogo mkavu wa zamani, limejaa vumbi. Nikapindua vyote. Nikapanga duka, lile duka nililokuwa nikiliota kila siku: vyungu mbele kwa kufuatana ukubwa, vibuyu vya samli vimefutwa vinang'aa, dagaa wa kutoka Mwigobero wamelala kwenye ungo juu. Nikaacha mlango wazi mwanga uingie.

Wa kwanza kuliona alikuwa mama jirani aliyekuja kuomba moto. Akasimama mlangoni, akasahau moto. Kufika jioni, kila mwenye bakuli kijijini alikuwa na salamu za kumletea mama, na wakati wa njaa huwezi kumnyima mtu kitu alichokiona kwa macho yake. Mama aligawa. Aligawa huku anatabasamu, na mgeni wa mwisho alipoondoka akaniita.

"Mwanangu, akiba haikai mlangoni."

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Nyangeta aliporudi alikabidhiwa ghala mbele ya macho yangu, na sikuliingia tena.

Baadaye biashara zikafunguliwa, maduka ya Kiabakari yakajaa sabuni za kila rangi, na ghala likabomoka lenyewe kwa mvua. Watoto wa siku hizi akiba wanayoijua ni bando. Wajukuu zangu wanafungua friji, wanaikodolea macho ilivyojaa, wanafunga, wanasema nyumbani hakuna chakula. Sisi kwa mchembe mmoja tulikuwa tunanuniana wiki nzima, na bado ningerudi huko leo hii kama kungekuwa na njia.

Mama anaishi kwangu sasa, hapa Musoma mjini. Si kwa Nyangeta, kwangu. Namwogesha, namlisha, namsomea sala. Macho yamefifia na majina yanamchanganya. Juzi alinivuta mkono, akanipa biskuti alizozifunga kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Nyangeta mwanangu," akaninong'oneza, "kaniwekee vizuri. Yule mwenzio asizione."

Nikasimama pale, mtu mzima na mvi zangu, namwonea wivu Nyangeta. Kisha nikaitika, "Abee, mama," nikaenda kuzificha.