Mwachie Pindo

Nilishona yunifomu za kwanza za shule mpya ya sekondari kabla rangi ya madirisha yake haijakauka. Kibanda changu kiko hapa senta, nje ya Eldoret kwenye barabara ya Moiben, katikati ya duka la mbolea na mahali pa kupokelea maziwa. Kila mzazi aliyeleta binti kupimwa aliniambia neno moja kabla sijatoa futi shingoni: "Mwachie pindo." Maana yake nisikate kitambaa kwa urefu wa mtoto. Nikunje kwa ndani upana wa kiganja, ili akirefuka nifumue, nishushe, sketi ile ile imfikishe mpaka gredi ya kumi na mbili. Mzazi asiyeiamini shule haachi pindo, na mwaka ule wote waliacha.

Watoto nao walirudi kwa mlango wa nyuma, mzazi akishakwenda. "Fundi, hiyo beji ishike na uzi kidogo tu. Nikifika tao naitoa." Niliwacheka, lakini niliwaelewa. Mji huu mtu anasomwa kwa sweta. Siku za kufungua shule, watoto wa mabweni makubwa wanapita na masanduku yao ya bati, na hata muuza njugu anajua huyu ni wa wapi na alipata alama gani. Sweta yetu ya rangi ya maruni hakuna aliyeijua. Wasichana wawili walipoingia supamaketi nayo, mlinzi aliwauliza wanaimba kwaya ya kanisa gani.

Wazazi waliiita "shule yetu". Watoto waliiita "store", kwa sababu ni jengo moja refu la mabati ya bluu, kama ghala la mahindi. Lilikuwa jina la kuudhi, na lilikuwa la kweli.

Binti yangu alikuwa mmoja wao. Tunaishi wawili, yeye na mimi, tangu babake aondoke bila kuaga. Huyu mtoto alijifunza kusoma kwa magunia ya mbolea hapo jirani. Wenzake wakicheza, yeye alikuwa anamsumbua mwenye duka: hii ina nini ndani, na hii tofauti yake ni nini, na kwa nini shamba la fulani likitiwa mbolea kila mwaka linazidi kukataa mahindi. Siku moja mtu wa kilimo alikuja akamweleza kwamba udongo wetu umekuwa chachu, una asidi nyingi, na kwamba kuna watu kazi yao ni kuupima kwenye maabara na kusema unataka nini. Aliporudi nyumbani alikuwa ameshaamua. Alitaka kupima udongo, hakutaka kitu kingine duniani.

Kwa hiyo alichagua mkondo wa sayansi, na shule alizochagua zote zilikuwa za bweni, zile zenye majina. Majibu yalipokuja kwenye simu, alikuwa amepangiwa shule ya hapa senta. Aliweka simu juu ya cherehani ikiwa imelala kifudifudi, akachukua ufagio akafagia sakafu niliyokuwa nimefagia dakika chache kabla.

Mimi nilifurahi. Hakuna sanduku, hakuna godoro, hakuna mtoto kulala mbali na mimi akiwa na homa nisijue. Nilipiga vigelegele hapo hapo kibandani mpaka watu wa maziwa wakachungulia.

"Mum, unafurahia nini?" akaniuliza.

"Mungu amekuletea shule mlangoni, na wewe umenuna?"

"Hiyo ni shule ya wale wamekosa shule."

Nikamwambia kidogo si haba. Akarudisha ufagio pembeni, na hakununa tena. Nilimshonea sketi nikamwachia pindo pana kuliko la mtoto yeyote.

Siku ya kufunguliwa rasmi kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na kibuyu cha mursik, maziwa lala ya huku, kikizunguka kwa wageni. Mwenyekiti wa wazazi ni Mzee mmoja mkulima ambaye alimega shamba lake la mahindi ili shule ipate mahali. Aliposimama kuzungumza alilia. Mtu mzima, kofia mkononi, akilia mbele yetu akina mama na watoto wetu, na hakuna aliyecheka. Baadaye tulipanga foleni kuona vyumba. Mlango wa mwisho ulikuwa umeandikwa Laboratory kwa rangi nyeupe, herufi nzuri zilizopigwa rula, na wazazi wakawa wanasimama mbele yake kupigwa picha. Mimi pia ninayo picha hiyo.

Watoto hawakupanga foleni. Walizunguka nyuma wakachungulia dirishani. Jioni, tukila, binti yangu aliniambia alichokiona ndani: toroli, mifuko ya saruji iliyobaki, na viti vingine vya plastiki.

"Vitu vitaletwa," nikasema.

"Hakuna hata mfereji, Mum. Hakuna hata sinki."

Muhula wa kwanza kulikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi, kijana mpole ambaye pia alifundisha michezo na kupiga kengele. Kemia aliifundisha kwa kuchora. Alichora chupa, akachora moto chini yake, akachora mvuke, na watoto wakanakili moto na mvuke. Binti yangu alisema anachora vizuri sana. Nyumbani alianza yake: alipanga mikebe ya majarini dirishani, kila mkebe una udongo wa shamba la mtu, akaumwagia siki yangu ya kachumbari aone kama utatoa povu. Nilimgombeza kwa ajili ya ile siki. Lakini nilinunua nyingine, nikaiweka alipoweza kuifikia.

Muhula wa pili yule kijana alipata kazi ya kudumu upande wa Burnt Forest akaenda, na ni nani angemlaumu? Wiki zikapita. Binti yangu na wenzake wachache wa sayansi walikaa darasani na vitabu vyao kama watu waliofika harusini mapema. Hatimaye tukaitwa mkutanoni.

Mwalimu mkuu alianza na geti. Shule itajengewa geti kubwa la chuma lenye jina la shule juu, lionekane kutoka barabarani. Wazazi walipiga makofi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba wanafunzi wa sayansi watajiunga na wenzao wa mkondo wa masomo ya jamii mpaka mwalimu apatikane. Wazazi waliendelea kupiga makofi, maana mikono ilikuwa bado imeinuka.

Nikasimama. Mimi ni mtu wa western. Nimekodi hapa senta tangu nikiwa msichana, lakini nikisema mkutanoni nasikika mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilisema hata hivyo. Nilisema geti lingoje, tuombe mwalimu wa kemia, na sinki. Sauti ilinipanda. Nilisema tumewaandikia watoto wetu neno mlangoni na ndani tumeweka toroli.

Mzee mwenyekiti hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mama," akasema, "mimi nina wasichana watatu. Wote waliachia darasa la nane. Si eti hawakuwa na akili. Shule ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ukifurika hakuna kupita. Hao wameolewa, mmoja amesharudi. Sasa mimi naona shule kutoka kwa mlango yangu. Asubuhi nasikia kengele nikikamua. Wewe unaniambia maneno ya sinki?" Akawageukia wazazi wengine. "Hawa watoto hawajui pale tumetoka."

Watu walisema ndiyo, ndiyo. Nami, Mungu ananiona, nikakaa chini. Alikuwa na haki yake. Nje ya dirisha vilionekana vichwa vya watoto waliokuja kusikiliza, na cha binti yangu kilikuwa kimojawapo. Kilipozama chini sikukiona tena.

Nilipofika nyumbani mikebe haikuwa dirishani. Ule udongo wote alikuwa ameumwaga kwenye sukuma wiki, wa shamba la huyu na wa shamba la yule, umechanganyika. Mikebe ilikuwa imeoshwa, imefunikwa juu ya meza ikauke.

Aliendelea kwenda kwa muda. Alivaa, akatoka, akarudi, na nikimuuliza wamesoma nini alisema, "Wamesoma." Halafu Jumatatu moja hakuvaa. Nilifikiri anaumwa.

"Niende wapi, Mum?"

Nilipiga kelele. Nilibembeleza. Nilimwambia kuna watoto wangelia kupata hata hiyo. Akanitazama kwa upole, kama anayemtazama mgonjwa, akasema, "Najua. Waende." Nilizunguka shule zenye maabara kutafuta uhamisho mpaka viatu vikaisha upande, kila mahali nafasi zimejaa, nijaribu mwaka ujao. Nilimrudisha kwa mwalimu mkuu, ambaye alimpa ushauri mzuri na biskuti. Siku iliyofuata hakuvaa tena. Mtoto mwenye hasira ungemshawishi ukaweza. Huyu hakuwa na hasira. Kitu kilikuwa kimezimika, nami sikujua pa kukiwashia, na mpaka leo sijui.

Sasa anaosha mikebe mikubwa ya maziwa hapo jirani. Namwona nikiwa kwenye cherehani: gambuti za mpira, aproni, mgongo umeinama. Niliomba Mungu mtoto wangu awe karibu nami, na yuko karibu. Kuna kile kijiti cha kioo wanachozamisha kwenye maziwa kujua kama yametiwa maji, hicho hashiki. Anayekishika ni kijana mwenye cheti. Binti yangu husimama na brashi yake kidogo, akitazama kijiti kinapoelea, kisha anarudi kwenye mikebe.

Juzi Mzee mwenyekiti alikuja kibandani na mjukuu wake, msichana mrefu mwenye macho ya kudadisi, anayehamia shule yetu kutoka shule ya bweni. Mzee alikuwa na furaha. Alinisalimu kama hatujawahi kushindana, nami nikamletea kiti, kwa sababu ni mtu mwema.

Kitambaa cha maruni kilikuwa kimeisha, hata mjini. Nikamwambia angoje. Yeye akainua fimbo kuelekea ukutani, pale sketi ya binti yangu inapoishi. "Si hiyo hapo?"

Sikuwa na sababu ya kusema la. Nikaiteremsha, msichana akaivaa, ikawa fupi. Nikachukua wembe nikafumua pindo. Halikuwa limewahi kuguswa. Sketi yenyewe ilikuwa imechujuka kwa jua na sabuni ya mche, lakini kile kitambaa cha ndani kilitoka kikiwa kikali, rangi ile ile ya siku niliyokikata, kikazunguka magoti ya yule mtoto kama utepe mpya ulioshonwa kwenye nguo kuukuu.

"Itafifia tu," Mzee akasema akiitazama. "Ikifuliwa fuliwa zitafanana."

Nilipiga magoti nikaweka pini mdomoni, nianze kupima.

"Babu," msichana akamuuliza Mzee, "huko kuna lab?"

"Iko. Imeandikwa kwa mlango. Uliza hata Mama."

Msichana akaniinamia, akingoja. Huko nje mkebe ulikuwa unasuguliwa, halafu ukaacha kusuguliwa. Nilikuwa na pini mdomoni, na kwa hizo pini nilimshukuru Mungu.

"Usishushe yote, Mama," Mzee akasema. "Huyu bado anakua. Mwachie pindo."

Nikamwachia.