Kimulimuli na Taa ya Injini

Gereji nzima walimwita Kimulimuli, na jina hilo alilipatia kazini. Alikuwa fundi umeme wa magari ya zamani, yale ambayo hata ukiyachomekea mashine ya kisasa hayasemi kitu. Yeye aliyasemesha kwa kipande cha waya. Alifungua boneti, akaunganisha matundu mawili kwenye kiboksi cha plastiki karibu na betri, akawasha swichi bila kupiga stata, kisha akainamia dashibodi. Taa ya injini ikaanza kupepesa. Ikimulika mara mbili, ikatulia, ikamulika mara moja, shida iko kwenye sensa ya bomba la moshi. Mbili kwa mbili, ni sensa ya joto la maji. Namba zote alikuwa nazo kichwani.

"Gari ni kama mama mkwe," alizoea kuwaambia wenzake. "Haliropoki. Linakukonyeza tu, usipoelewa shauri yako."

Macho yalianza kumsaliti polepole. Kwanza alilaumu vumbi, kisha jua, kisha dashibodi zilizopauka. Mkewe, fundi cherehani, alishtuka mapema, maana mume alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe.

"Baba watoto, nenda ukapimwe."

"Nikapimwe nini? Nimechoka tu."

Basi muuguzi mmoja, mteja wake wa miaka mingi, akaleta gari lake. Lilitoa moshi mweusi, na likishapata moto lilisumbua kuwaka. Kimulimuli akainama, akahesabu: mbili, moja. Akabadilisha sensa ya bomba la moshi, akachomoa betri kidogo ili kompyuta ya gari isahau hitilafu. Taa ikazimika, muuguzi akaondoka akishukuru.

Wiki iliyofuata gari hilo lilizima barabarani, mama yake muuguzi akiwa kiti cha nyuma, anapelekwa kusafishwa damu. Likagoma katakata. Walipopata usafiri mwingine, zamu ya mama ilikuwa imepita. Akalazwa, mapafu yamejaa maji.

Muuguzi alirudi gereji gari likiwa linavutwa. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza fundi.

"Taa imewaka tena," alisema. "Na mama hali yake si nzuri."

Mkewe Kimulimuli alikuwa amemletea chakula. Fundi akamwita kando, akamkalisha kwenye kiti cha dereva.

"Niambie inamulika vipi."

"Mbili," mke akasema. "Halafu mbili."

"Moja hiyo."

"Mbili, baba watoto. Ya mwisho imefifia, lakini ipo."

Alimwomba aangalie tena, na tena. Jibu halikubadilika. Sensa ya maji aliibadilisha kwa kupapasa, mikono haikukosea hata skrubu moja. Gari likawaka. Muuguzi akashika usukani, akaaga kwa adabu, na hakuonekana tena pale.

Kimulimuli alipokwenda hospitali, daktari alimwambia ni presha ya macho. Dawa ingechelewesha tu upofu. "Kilichopotea hakirudi, mzee wangu."

Mke akaanza kufunga cherehani yake na kwenda kuhesabu taa. Mafundi wakatania: "Kimulimuli kapata miwani inayovaa gauni!" Kimulimuli alicheka nao, ila akifika nyumbani alienda moja kwa moja kulala. Wateja wa nguo wakachoka kukuta mlango umefungwa, wakapeleka vitambaa vyao kwingine. Asubuhi moja mke akiwa anavaa viatu, mume akamzuia.

"Usije tena. Nikizama mimi peke yangu inatosha."

"Nani atakuhesabia?"

Siku hiyo Kimulimuli alimkabidhi fundi breki wa pale gereji vifaa vyake. Yule aliviangalia kwa huruma. "Kaka, nitavitunza. Lakini magari hayo yenyewe yanakwisha."

Siku hizi anakaa dirishani, mkewe akishona vitambaa vichache vilivyobaki. Juzi gari la jirani lilikohoa nje, likakataa kuwaka.

"Plagi zimelowa," akasema.

Jirani alikuwa ameshampigia simu fundi mwingine. Mkewe akaitikia, "Eeh," akavuta uzi, akaendelea kushona.