Nilivyochagua backplate na wing Pemba, na mkanda mmoja uliotaka kuninyima kazi

Wakuu, asalaam aleikum. Nimewaona mnabishana kule juu, jacket au backplate, na mimi nina langu la kusema. Sitatia chumvi, bahari yenyewe inayo ya kutosha.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Wawi. Nazamia na mtungi wa hewa.

Ndani navaa suti ya mpira, juu yake kanzu nyepesi ya kuogelea inayofika magotini, kichwani mtandio wa kubana. Hilo ndilo sharti pekee la mama yangu: "Zamia utakavyo, lakini sitara usiiache."

Kwa wasiojua: jacket ni koti zima linalojazwa hewa. Backplate ni bamba la mgongoni lenye mikanda. Nyuma yake unafunga mfuko wa hewa, ndiyo wing, kisha mtungi.

Kituo ninachofanyia kazi, huko Wambaa, jacket zote zilikuwa saizi za wageni. Mimi mwembamba. Nikigeuka kulia, jacket inabaki kushoto. Backplate unaikaza mikanda mpaka inakukaa mwilini.

Nikachukua bamba la steel badala ya aluminium, kwa sababu uzito wake uliniondolea vile vipande vya risasi vya kuzamishia kiunoni. Wing nikachukua ndogo, ya mtungi mmoja. Zile kubwa za mitungi miwili, ukibeba mmoja, zinapepea kama bendera za kampeni.

Mpaka hapo nilikuwa sawa.

Sasa backplate ina mkanda mmoja unaotoka chini ya bamba, unapita katikati ya miguu, unakuja kufungwa mbele kiunoni. Mama alipouona akauliza, "Huno wapita wapi?"

Nikamwonyesha.

"Haa! Mbele za wanaume? Hebu utoe, mwanangu."

Kusema kweli hata mimi niliona haya. Ukipita juu ya kanzu unaivuta yote ndani, umbo lote nje. Nikautoa. Nikajisemea mikanda ya mabega na kiuno inatosha.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Wapemba wenzangu mnajua, mwaka huo wageni wanaadimika. Kituo kikabakisha nafasi moja ya kiongozi wa wazamiaji, na mimi nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote. Ukiikosa hiyo, unarudi kusuuza suti za watu.

Mkuu wetu, Mwalimu Hamad, akasema atanijaribu. Yeye atakuwa mgeni, mimi kiongozi.

Tukashuka kwenye ukuta wa matumbawe, ambako chini ni kiza tupu. Mara Mwalimu akajifanya amepotewa na fahamu, akaanza kuzama. Nikageuka kichwa chini nimfuate.

Bamba likateleza kuelekea kichwani, mtungi ukanigonga kisogoni. Miwani ikajaa maji.

Nilipomaliza kuitoa maji, Mwalimu alikuwa mbali chini yangu, amekunja mikono, ananitazama. Akapanda mwenyewe.

Kwenye boti akasema, "Ningekuwa mgeni kweli, saa hizi tunatafuta maiti. Mkanda wa chini uko wapi?"

"Nimeutoa, Mwalimu."

"Urejeshe. Wiki ijayo nakujaribu tena, na ukishindwa nampa mwengine."

Nyumbani nilimweleza mama yote, na nililia, sioni haja ya kuficha. Akauliza swali moja tu. "Huo mtungi, ungekugonga zaidi ungezimia humo majini?"

"Ningeweza, mama."

Akaenda kulala.

Asubuhi nikamkuta na kanzu yangu mapajani, mkasi kando. Ameitoboa tundu kiunoni kwa nyuma na jengine kwa mbele, ameyapinda kwa uzi kama matundu ya vifungo. Mkanda unaingia nyuma, unapita ndani ya kanzu, juu ya suti, unatokea mbele. Kifungio kinabaki nje, unakifungua upesi ukitaka.

"Vaa vyote," akasema. "Na mtungi."

Nikavaa, pale pale uani.

"Haya, rukuu."

Nikainama. Mtungi haukusogea.

"Teremka zaidi."

Nikateremka, vilevile. Akanizunguka, akatazama mbele, akatazama nyuma. "Haya," akasema, "nenda kamshike mtu wako."

Siku ya jaribio la pili nilimshika Mwalimu Hamad kabla hajazama hata urefu wa mtu. Nafasi nikapewa, na mpaka leo ninayo.

Somo nililopata: steel au aluminium, wing kubwa au ndogo, hayo utajifunza. Ila usitoe kitu kwenye kifaa kabla hujajua kinazuia nini. Na kama kinagongana na desturi yako, tafuta fundi wa kushona kabla hujakitoa.

Siku hizi nikitoka, mama haniambii tena rudi salama. Ananiuliza, "Mkanda umeuchukua?"

Wenye bamba za aluminium, leteni uzoefu. Wadada mnaozamia na sitara, mnafanyaje? Nikosoeni mpendavyo. Ila anayetaka kunishauri niutoe ule mkanda, aje Wawi azungumze na mama.